RISALA YA WAHITIMU WA STASHAHADA YA AFYA YA MIFUGO KWA MGENI RASMI

Mheshimiwa mgeni rasmi,
Mkuu wa chuo,
Wakufunzi wetu,
Wazazi na walezi,
Wageni waalikwa na wahitimu wenzetu,

Tunakusalimu kwa heshima zote na kukushukuru kwa kuacha shughuli zako ukaja kuwa nasi. Tumekubaliana risala yetu ibebe jambo moja tu, nalo ni hesabu ya chanjo. Ugonjwa wa mlipuko ukiingia kwenye mifugo, zinahitajika dozi ngapi, na nani amezihesabu kabla haujaingia?

Jambo hili lilitukaa moyoni wakati wa mafunzo kwa vitendo. Tulipelekwa kusaidia kuchanja ng'ombe, na dozi zilikuwa zimeagizwa kwa kufuata daftari lililoandikwa miaka kadhaa nyuma. Kufika saa sita mchana chupa ya mwisho ikaisha, na foleni kwenye kibanio, ile njia nyembamba ya kumbania ng'ombe achanjwe, haijafika hata nusu. Mzee mmoja alikuwa ameswaga ng'ombe wake tangu alfajiri. Hakutugombeza. Alituuliza tu, "Hawa wangu, wanangu, hawakuandikwa?" Hatukuwa na la kumjibu. Tuliporudi chuoni tukamwomba mkufunzi atufundishe hesabu hii mpaka tuielewe.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tuchukue mfano wa eneo lenye ng'ombe 40,000. Tuseme ng'ombe mmoja mgonjwa huambukiza wengine wanne. Ili ugonjwa ukose njia, angalau robo tatu ya ng'ombe wawe na kinga, ili kati ya wale wanne asibaki zaidi ya mmoja wa kuambukizwa. Lakini kuchanjwa na kupata kinga ni mambo mawili. Kama chanjo inakinga ng'ombe 90 katika kila 100, basi tunapaswa kuchanja zaidi ya 83 katika kila 100, na sisi tukaweka 85. Hao ni ng'ombe 34,000. Kila mmoja akichanjwa mara mbili, zinatakiwa dozi 68,000 zinazoingia mwilini.

Hapa ndipo wengi hukosea, na sisi tulikosea pia. Baadhi ya chanjo, zikishachanganywa na kiyeyushi, yaani kimiminika cha kuziyeyushia, hudumu saa chache tu. Ukifungua chupa ya dozi 100 kwa mfugaji mwenye ng'ombe 30, na jirani yake yuko mbali, zilizobaki zinamwagwa. Tuseme dozi 15 katika kila 100 hupotea hivyo. Mtu wa haraka atachukua 68,000, ataongeza asilimia 15, na kuagiza 78,200. Lakini hasara hukatwa kwenye dozi zilizoagizwa, si kwenye zile zilizoingia mwilini. Kwa hiyo 68,000 inagawanywa kwa 0.85 na jibu ni 80,000. Zile 1,800 zilizosahaulika ndizo zinazowarudisha watu nyumbani na mifugo yao bila kuchanjwa.

Ramani nayo ina mtego wake. Tukichanja mifugo yote iliyo ndani ya kilomita 5 kutoka zizi lenye ugonjwa, tunazunguka takriban kilomita za mraba 79. Taarifa ikichelewa tukalazimika kwenda hadi kilomita 10, eneo haliwi mara mbili. Linakuwa mara nne, kilomita za mraba 314, na dozi zinapanda kwa kadiri hiyo hiyo kama mifugo imetawanyika sawasawa. Kwa hiyo mfugaji anayetoa taarifa mapema anaipunguza akiba tunayopaswa kuweka. Hilo tungependa lisemwe kila mkutano wa wafugaji.

Dunia imelipia kuchelewa huku. Mwaka 2010, Japani ilithibitisha ugonjwa wa miguu na midomo huko Miyazaki mwezi Aprili, na uchanjaji ukaanza tarehe 22 Mei. Mwisho wake wanyama karibu 300,000 waliuawa, wakiwemo waliochanjwa. Mwaka huo huo Korea Kusini ilianza kuchanja maeneo machache mwezi Desemba, na wiki chache baadaye ikalazimika kuchanja nchi nzima. Huko waliuawa zaidi ya milioni tatu, wengi wao nguruwe. Makadirio ya eneo dogo yalipitwa na ugonjwa wenyewe.

Mtu anaweza kuuliza, kwa nini tusijaze maghala tu? Chanjo iliyo tayari hukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 na huisha muda wake baada ya mwaka mmoja au miwili. Isitoshe, virusi vya miguu na midomo viko vya aina saba, na chanjo ya aina moja haikingi dhidi ya nyingine. Unaweza kuwa na ghala lililojaa chanjo isiyofaa. Ndiyo maana baadhi ya nchi huhifadhi kiini cha chanjo ndani ya naitrojeni ya kimiminika, ambako hudumu miaka mingi, na hukigeuza kuwa chanjo ndani ya siku chache kinapohitajika. Hata ubaridi wenyewe unaweza kupunguziwa uzito: vita dhidi ya sotoka, ugonjwa wa virusi uliokuwa ukiua ng'ombe kwa wingi hadi ulipotangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, vilisaidiwa sana na chanjo iliyostahimili joto, ambayo wafugaji waliofunzwa waliibeba hadi kusiko na jokofu. Tunauona huo kuwa ushindi mkubwa kuliko wote katika taaluma yetu.

Na mikono ya kuchanja nayo ihesabiwe. Makundi kumi ya wachanjaji, kila moja likichanja ng'ombe 400 kwa siku, yatahitaji zaidi ya siku nane kumaliza ng'ombe 34,000 kwa awamu moja. Kinga nayo haiji siku ile ile ya sindano. Siku zote hizo ugonjwa unatembea.

Mheshimiwa mgeni rasmi, maombi yetu ni haya. Kwanza, na hili ndilo kubwa, mifugo ihesabiwe upya kila mwaka, zizi kwa zizi, na sisi wahitimu tuko tayari kuifanya kazi hiyo kwa miguu yetu. Pili, kila eneo liwe na makadirio ya dozi yaliyoandikwa kabla ya mlipuko, yakionyesha aina ya chanjo, hasara inayotarajiwa na idadi ya wachanjaji. Tatu, chuo chetu kiongezewe majokofu na masanduku ya ubaridi ya kufundishia, maana yaliyopo hayatutoshi.

Mzee yule tutamtafuta. Tukirudi kuchanja, tunataka kuanza na zizi lake.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Wahitimu wa Stashahada ya Afya ya Mifugo