Vitabu vya baruti vinapopishana, wanasheria hawahusiki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu wa Texas aliyelalamika wiki iliyopita. Alinunua vitabu viwili vya kujaza risasi nyumbani, akatazama risasi aina ya .30-06, kichwa chake cha greni 150 (greni ni kipimo kidogo cha uzito) na baruti ya jina moja, akakuta kiwango cha juu kabisa cha baruti kinapishana kwa karibu greni mbili. Akaamua kwamba kitabu chenye kiwango cha chini kimeandikwa na wanasheria wanaoogopa kesi, na kwamba wanaume wa kweli watumie kile kingine.

Mimi ni mkereza vyuma hapa Pennsylvania, na kila msimu wa kulungu nawinda kwa risasi nilizojaza mwenyewe kwenye meza ya gereji. Hadithi hiyo ya wanasheria naisikia sana uwanja wa shabaha. Ni tamu kuisimulia, ila chemba ya bunduki, pale risasi inapolipukia, iko karibu mno na jicho la mpigaji.

Aanze na hicho anachokiita kichwa kilekile. Greni 150 ni uzito tu. Kichwa cha shaba tupu ni kirefu kuliko chenye moyo wa madini ya risasi, maana shaba ni nyepesi. Ukikishindilia mpaka risasi nzima ifikie urefu uleule, kitazama zaidi ndani ya ganda na kuila nafasi ya baruti, na nafasi ikibana presha inapanda. Maganda nayo yana yake: ya kijeshi ya 7.62 mara nyingi yana kuta nene kuliko ya kiraia ya .308, ingawa kwa nje umbo lake ni lilelile. Fataki ya kawaida, kile kidude kinachowasha baruti, ukiibadilisha kwa ile ya magnum yenye moto mkali zaidi, umeshabadilisha mahesabu. Halafu asome herufi, asisome namba peke yake: H4895 na IMR 4895 ni baruti mbili tofauti, na kiwango cha hii si cha ile.

Linalonigusa mimi kama fundi ni mtutu wa majaribio. Maabara nyingine hutumia mtutu maalumu wa kupimia presha, chemba yake imechongwa kwenye vipimo vidogo kabisa vinavyoruhusiwa. Nyingine zimewahi kutumia bunduki ya kawaida ya dukani. Kazini kwangu sehemu mbili za elfu moja za inchi zinatosha kumrudishia mteja kazi yake, na ndani ya chemba tofauti ya namna hiyo inaonekana kwenye presha. Kwa hiyo kila ukurasa wa kitabu ni taarifa ya mtutu mmoja, kopo moja la baruti na siku moja ya kazi. Hata baruti yenyewe, toleo moja la kiwanda halilingani kabisa na linalofuata.

Vifaa vya kupimia navyo vimebadilika. Zamani walikiponda kipande cha shaba kwa nguvu ya mlipuko, kisha wakapima kimefupika kiasi gani. Kwa njia hiyo kikomo cha .30-06 ni 50,000 kwa kipimo cha shaba iliyopondwa (CUP). Kwa kihisio cha umeme cha siku hizi, kikomo cha risasi hiyohiyo ni psi 60,000 (pauni kwa inchi ya mraba). Hakuna aliyeongeza nguvu hapo, ni vipimo viwili vya kitu kimoja. Ila kihisio kilikiona kilele cha presha ambacho shaba ilikuwa haikioni, na ndiyo maana baadhi ya viwango vya vitabu vya zamani vilipunguzwa.

Akitaka kuona pengo la kweli, alinganishe risasi ya 8x57 ya Mauser kwa Wamarekani na kwa Wazungu wa bara. SAAMI, chombo cha viwango vya risasi cha Marekani, inaishia psi 35,000. CIP, mwenzake wa Ulaya, inaruhusu bar 3,900, yaani zaidi ya psi 56,000. Wamarekani wanahofia bunduki za muundo wa 1888, ambazo mitutu yake ilitengenezwa kwa kichwa cha inchi .318, kabla Wajerumani hawajahamia .323 mwaka 1905. Hapo nani mwongo? Mmoja anamfikiria mtu aliyerithi bunduki ya mwaka 1888, mwingine anamfikiria mwenye bunduki mpya.

Yeye yuko Texas, basi akumbuke pia joto. Majaribio hufanywa kwenye nyuzi 21 hivi za Selsiasi, na risasi iliyosahauliwa kwenye gari mwezi Agosti haimo kitabuni. Waingereza walilijua hilo mapema: .416 Rigby ya mwaka 1911 ilipewa ganda kubwa ili presha ibaki chini kwenye joto la Afrika na India.

Mimi hufuata kitabu cha kiwanda kilichotengeneza kichwa nilichonacho mkononi. Naanza kiwango cha chini, napanda nusu greni kwa nusu greni, na kronografu, kifaa cha kupima kasi ya risasi, iko mbele ya bunduki. Kasi ikifika ile ya juu ya kitabu nasimama, hata kama mizani inasema bado nina greni moja ya kuongeza. Kasi hiyo haikupatikana bure, imelipiwa kwa presha. Kungoja dalili za presha kubwa, komeo la bunduki ligome kufunguka au fataki ibapike, ni kuchelewa. Na vitabu viwili havichanganywi ili kupata wastani, kwa sababu wastani huo hakuna maabara iliyoupima. Wala asishuke chini ya kiwango cha kuanzia akidhani amejiongezea usalama, maana zipo baruti za polepole ambazo zikiwa kidogo mno ndani ya ganda huwaka vibaya.

Kwa walioko nyumbani Tanzania, sheria za silaha na baruti huko ni nyingine kabisa na simshawishi mtu aanze.

Ndugu yangu wa Texas naomba atuandikie tena, safari hii ataje kila kitabu kilitumia kichwa cha nani, ganda gani, fataki gani na mtutu wa inchi ngapi. Yote huwa yameandikwa juu ya jedwali, kwa herufi ndogo.

Mkereza vyuma, mwenyeji wa Songea
Pennsylvania, Marekani