Baleti katika jumba la sinema: unachokilipia na unachopaswa kukitarajia

Sisi huleta rekodi za baleti katika majumba ya sinema. Wateja wetu wapya, wawe wazazi wanaowatafutia watoto burudani ya Desemba, walimu wa dansi, au wenye majumba ya sinema wanaofikiria kutukodisha ukumbi, huuliza karibu maswali yale yale. Kwa nini baleti huonyeshwa siku moja au mbili tu, ilhali filamu nyingine hukaa wiki kadhaa? Kwa nini tiketi yake hupita bei ya filamu ya kawaida? Na kwa nini tunaliita onyesho la London wakati hakuna mchezaji hata mmoja aliyepanda ndege kuja Nairobi? Maswali haya ni ya haki. Kwa kuwa majibu yake yote yana mzizi mmoja, yaani kwamba rekodi ya baleti ni onyesho la jukwaani lililonaswa na kamera na si filamu iliyotengenezwa ili iwe filamu, tumeona tuyaeleze kwa kirefu kabla ya msimu kuanza.

Utaratibu wenyewe si wa zamani sana. Tarehe 30 Desemba 2006 Metropolitan Opera ya New York ilirusha mubashara opera ya Mozart, The Magic Flute, katika majumba ya sinema, na ikadhihirika kwamba wako watu walio tayari kulipa na kukaa kimya mbele ya skrini kwa ajili ya jukwaa lililo mbali nao. Baleti ikapita njia hiyo hiyo. Royal Opera House ya London, ambayo ukumbi wake una viti zaidi ya 2,200 na bado haukidhi wanaotaka kuingia usiku wa onyesho kubwa, ilianza kuwapeleka wachezaji wa Royal Ballet kwenye skrini za nchi nyingi. Bolshoi, kampuni ya baleti ya Moscow, nayo kuanzia mwaka 2010, ikawa na misimu yake ya sinema kupitia kampuni ya Kifaransa ya Pathé Live, mpaka mwaka 2022 Urusi ilipoivamia Ukraine na maonyesho hayo yakasitishwa. Kwa wale wanaotuuliza kila mara kwa nini jina la Bolshoi limetoweka katika orodha yetu, sababu ndiyo hiyo.

Tuanze na picha, maana hapo ndipo rekodi nzuri na mbaya zinapoachana. Filamu ya kawaida hupigwa kipande kwa kipande, na mwigizaji akikosea anarudia. Usiku wa baleti mchezaji hucheza mara moja mbele ya watazamaji walionunua viti, nazo kamera zimekwisha kupangwa mahali ambapo hazitawaziba. Mwongozaji wa picha hukaa mbele ya skrini ndogo nyingi akiwa na mpango ulioandikwa sambamba na noti za muziki, ili kila badiliko la kamera lije kwa mpigo wake. Akibadilisha mapema anakata mruko kabla mchezaji hajatua. Akichelewa anatuonyesha mahali palipokwisha kuwa patupu.

Kosa linalotuudhi kuliko yote ni kamera inayokimbilia uso. Katika tendo la tatu la Swan Lake, anayecheza Odile huzunguka mara 32 akiwa amesimama juu ya mguu mmoja, na anayeijua baleti hutazama chini, kwenye mguu uliosimama, aone kama umebaki mahali pake au unahama kidogo kila mzunguko. Ukimkata kiunoni umemnyima mtazamaji kiini cha jambo, ukambakizia tabasamu. Tendo la pili la baleti hiyo hiyo lina tatizo la upande mwingine, kwa sababu uzuri wake umo katika safu za wachezaji wanaoigiza mabata-maji, zinazofunguka na kufungana, na safu hizo huonekana vema kutoka juu. Aliyeketi viti vya mbele, karibu na jukwaa, huona nyuso na kuzikosa safu, na aliyeketi roshani ya juu kabisa, kwa tiketi ya bei nafuu, huziona safu na kuzikosa nyuso. Kamera huweza kukupa vyote viwili, ila kamwe si kwa wakati mmoja, na uamuzi wa lini upewe kipi si wako tena. Mchezaji dansi Fred Astaire alilielewa hili mapema, miaka ya 1930, aliposhikilia kwamba katika filamu zake za Hollywood mwili wote uonekane, toka kichwani hadi miguuni, na picha isikatwekatwe. Waongozaji wengi wa leo wangefaidika kumtazama upya.

Kwa hiyo kila rekodi tunaitazama nzima kabla ya kuilipia. Zipo tulizozikataa ingawa wachezaji wake walikuwa bora sana, kwa sababu mpiga picha hakuwaacha wacheze.

Jambo la pili ni mwendo wa picha. Filamu za sinema kwa desturi huonyeshwa kwa picha 24 kwa sekunde, kiasi kinachotosha watu wawili wakizungumza mezani, lakini mguu unaopita hewani kwa kasi huacha ukungu au huonekana ukidunda. Matangazo ya televisheni ya Ulaya hutumia mwendo wa kasi zaidi, wa 50 kwa sekunde, ndiyo maana tunauliza mapema rekodi imeletwa katika umbo gani na kama seva ya ukumbi husika, yaani kompyuta inayoionyesha picha, inaweza kulisoma. Mwangaza nao una neno lake. Baleti nyeupe, yaani sehemu ambazo wachezaji wote huvaa nyeupe, huchezwa katika mwanga wa buluu hafifu, na projekta yenye taa iliyochoka huwageuza wachezaji ishirini na wanne kuwa wingu moja la kijivu. Kuna kumbi ambazo tumezipenda kwa viti na mahali zilipo, tukaziacha kwa sababu ya taa.

Sauti pia hailingani na ile ya filamu za mapigano. Okestra hurekodiwa pamoja na ukumbi wake, yaani kukohoa kwa watazamaji, makofi na mgongano sakafuni wa viatu vya ncha, vile vigumu vya kuchezea juu ya vidole. Baadhi ya wateja hudhani kelele hizo za viatu ni hitilafu ya spika. Hapana, ndivyo baleti inavyosikika ukiwa karibu, nasi hatuombi ziondolewe.

Sasa tuje kwenye neno mubashara, ambalo limetuletea malalamiko zaidi kuliko bei. Onyesho la jioni la London kwa kawaida huanza kati ya saa moja na saa moja na nusu. Majira ya baridi ya Uingereza, wakati ambapo The Nutcracker, baleti ya Krismasi, huchezwa, saa hiyo ni kati ya saa nne na saa nne na nusu usiku kwa Afrika Mashariki. Ukihesabu mapumziko, utatoka ukumbini baada ya saa sita usiku, pengine na mtoto aliyelala begani. Baadhi ya wapenzi wakubwa wako tayari kwa hilo, lakini ukumbi haulipiki kwa watu hao peke yao, kwa hiyo tunaonyesha rekodi ya onyesho lile lile Jumamosi au Jumapili mchana katika siku zinazofuata. Tunaandika waziwazi kwenye tangazo kwamba ni rekodi. Kitu kinachopotea ni msisimko wa kujua kwamba wakati huu, mahali pengine, mtu anaweza kuanguka. Hatuna namna ya kukirudisha, na hatutaki kukuuzia tiketi kana kwamba kipo.

Rekodi hutufikia kwenye diski au kupitia intaneti ikiwa imefungwa, na hufunguliwa kwa ufunguo wa kidijitali uliotengenezwa kwa seva moja tu, ya ukumbi mmoja tu, kwa saa zilizotajwa. Saa hizo zikipita picha haifunguki tena, hata kama watu wameketi. Ndiyo maana hatungoji waliokwama kwenye foleni ya magari, na ndiyo maana hatuwezi kuongeza onyesho la jioni eti kwa kuwa la mchana limejaa. Kila onyesho lina mkataba wake.

Mkataba huo ndio unaoipandisha bei. Watu husema, na ni kweli, kwamba Tchaikovsky, aliyetunga muziki wa Swan Lake na The Nutcracker, alifariki mwaka 1893 na muziki wake hauna mwenyewe wa kudai. Lakini muziki ni sehemu moja tu. Wapo okestra iliyoupiga, wachezaji, waliobuni mavazi na mandhari, na waliorekodi. Yupo pia mtunzi wa dansi, ambaye haki zake hazifi pamoja naye: kazi za Kenneth MacMillan, aliyefariki mwaka 1992, na za George Balanchine, aliyefariki mwaka 1983, zina wasimamizi wanaoamua nani azicheze na kwa masharti gani. Zaidi ya hayo, kila kazi inayoonyeshwa hadharani Kenya lazima kwanza ipite kwa bodi ya serikali inayoainisha filamu, na gharama hiyo ni ile ile ukionyesha mara moja au mara hamsini. Filamu ya Hollywood hugawanya gharama zake kwa maonyesho mengi ya kila siku. Baleti huzibeba zote kwa mchana mmoja au miwili.

Mbali na rekodi za jukwaani, tunaleta filamu za dansi zilizotungwa kwa ajili ya kamera, na hizo ni biashara tofauti ambayo, kusema kweli, ndiyo tunayoipenda zaidi. The Red Shoes ya mwaka 1948, ya Michael Powell na Emeric Pressburger, ina baleti ya takriban robo saa ndani yake ambayo haiwezekani kuchezwa katika jukwaa lolote, kwa sababu mchezaji, Moira Shearer, hupita kutoka mahali hadi mahali kwa uwezo wa uhariri. Pina ya Wim Wenders, iliyotoka mwaka 2011, ilipigwa kwa teknolojia ya 3D ili macho yapate kina cha jukwaa. Pina Bausch mwenyewe, mtunzi wa dansi wa Ujerumani ambaye filamu inamhusu, alikuwa amefariki Juni 2009 kabla kazi haijaanza kupigwa, na wachezaji wake wa Wuppertal wakaikamilisha bila yeye. Tena kuna rekodi ya mwaka 2020 kutoka Toubab Dialaw, Senegal, ambako wachezaji 38 wa nchi 14 za Afrika walikuwa wakiandaa The Rite of Spring ya Bausch katika École des Sables, shule ya Germaine Acogny. Ugonjwa wa korona ulipofuta ziara yao waliicheza ufukoni, juu ya mchanga, jua likizama, kamera ikiwapo. Hiyo imo katika orodha ya kazi tunazozitafutia haki, na mwenye ukumbi atakayekubali kuionyesha pamoja nasi tutampa masharti mepesi.

Wanaosema kwamba hadhira yetu haijazoea dansi kwenye skrini wanasahau historia ya majumba ya sinema ya Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam, ambako vizazi vizima vilipanga foleni kutazama filamu za Kihindi kwa ajili ya nyimbo na dansi zake, wengi bila kujua neno la Kihindi. Baleti haihitaji hata manukuu. Kinachohitajika ni muhtasari wa kisa, nasi tunaugawa mlangoni kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, kwa sababu baleti ya Giselle ya mwaka 1841 haieleweki kirahisi ikiwa hujui kwamba wanawake wa tendo la pili ni wafu.

Kwa shule na vikundi vya dansi tunashauri mwanzo uwe The Nutcracker, ambayo pamoja na mapumziko huchukua kama saa mbili. Watoto walio chini ya miaka mitano kwa kawaida hushindwa kufika tendo la pili. Ikiwa wanafunzi wamewahi kuiona ikichezwa na Dance Centre Kenya katika Kenya National Theatre, ni vema zaidi, kwani watalinganisha, na mwalimu atapata cha kuwauliza. Kupiga makofi kunaruhusiwa. Simu haziruhusiwi, kwa kuwa mwanga wake hula picha ya buluu tuliyoitaja.

Anayetaka kukodi onyesho zima atuandikie angalau wiki sita kabla, ataje idadi ya watu, umri wa watoto kama wapo, na ukumbi anaoupendelea. Tutamjibu kwa bei inayotenganisha ada ya haki, ada ya ukumbi na malipo yetu, ili aone kila shilingi inakokwenda. Akitaka kuona dakika kumi za rekodi kabla ya kuamua, aje ofisini siku ya kazi yoyote baada ya saa nane mchana, wakati ambapo projekta yetu ndogo haina shughuli nyingine.