Kunidai malipo ya kuvunja kontra (mkataba) ya intaneti ya nyumba iliyomezwa na lava

Goma, tarehe 4 Oktoba 2021

Kwa Bwana Mkurugenzi wa tawi la Goma la kampuni ya simu na intaneti

Yahusu: kupinga dola 570 mnazonidai kwa "kuvunja kontra mapema", na kuomba namba yangu ya simu ifunguliwe

Bwana Mkurugenzi,

Salamu kwako na kwa wote mnaofanya kazi pamoja. Mimi ni mteja wenu wa Buhene, yule mama wa duka la fotokopi ambaye mafundi wenu walipanda juu ya bati lake mwezi wa kumi na moja 2020 kufunga antena. Namba ya kontra nimeiandika juu ya bahasha. Tarehe 20 mwezi uliopita nilipokea barua yenu ya kunidai dola 570, na inasema nisipolipa ndani ya siku thelathini faili yangu itapelekwa kwa mwanasheria. Nimeisoma mara nyingi, usiku na mchana. Ina kurasa mbili, na hakuna hata mahali pamoja palipoandikwa neno volkano.

Kwa hiyo mimi naanza na volkano.

Jumamosi tarehe 22 mwezi wa tano, kama saa moja jioni, mbingu juu ya Nyiragongo iligeuka nyekundu. Sisi tulioona ya Januari 2002, lava ilipopita katikati ya mji, hatukungoja mtu atuambie. Safari hii moto ulishuka upande wetu, ukaingia Buhene, ukaja kusimama karibu na uwanja wa ndege. Nilitoka na watoto watatu, simu nimeifunga ndani ya kitenge, na mfuko wa vyeti ambao ulikuwa unaning'inia nyuma ya mlango. Modem yenu ilibaki ukutani. Antena ilibaki juu ya bati. Zilibaki pia printa mbili, na mashine ya fotokopi ambayo hata sijamaliza kuilipa. Niliporudi kutazama, palikuwa jiwe jeusi tupu, bado linatoa moshi. Sikuweza kujua mlango ulikuwa upande gani. Nilikisia kwa macho kutoka kwenye mti wa avoka wa jirani, ulioungua upande mmoja tu.

Tarehe 11 mwezi wa sita, tulipokuwa tumerudi kutoka Sake tulikokimbilia, nilikuja kwenye ajensi yenu kutoa habari. Kijana wa dirishani alinipokea vizuri, alinipa pole, sina neno juu yake. Lakini alipofungua faili yangu aliniambia: "Mama, hapa mashine inaniuliza sababu, na inanipa tatu tu: mteja amehama, mteja hakuridhika, au mteja amekosa pesa. Niweke gani?" Nikamjibu kwamba hakuna yangu hapo. Akaangalia wenzake, akaweka "amehama". Aliniomba niandike barua, nikaiandika palepale juu ya meza yenu, na nakala yake yenye muhuri wenu ninayo.

Bwana Mkurugenzi, deni lote hili limezaliwa na neno hilo moja. Kwa kuwa nimeandikwa kama mtu aliyehama kwa mapenzi yake, hesabu ikaenda yenyewe: mwezi wa sita nilioandika barua, na taarifa ya miezi miwili kamili baada yake, wa saba na wa nane, dola 45 kila mwezi, jumla 135, kisha nusu ya miezi 14 iliyobaki kwenye kontra, dola 315, kisha modem na antena "ambazo hazikurudishwa", dola 120. Ningezirudisha kutoka wapi?

Sipingi kwamba malipo ya namna hiyo yawepo. Mlinipa simu ya dola 150 kwa dola 30, mkapandisha antena bila kunidai kazi ya mafundi, na mlitegemea kurudisha gharama zenu pole pole kwa miezi 24. Mtu akichukua simu, akakaa miezi miwili, akakimbilia kampuni nyingine, hasara inabaki kwenu. Nilipotia sahihi nilielewa hivyo na nilikubali kwa moyo. Katika mji huu karibu wote tunanunua unite, yaani muda wa kuongea unaolipiwa kwanza: siku una pesa unaongea, siku huna unanyamaza. Mimi niliingia kontra kwa sababu wanafunzi walikuwa wanakuja kuchapa kazi zao za mwisho wa mwaka, wazazi wanakuja kutafuta fomu kwenye intaneti, na sikutaka kuwaambia warudi kesho kwa sababu mega za intaneti zimeisha. Nimelipa miezi saba bila kuchelewa hata siku moja. Mwezi wa tano niliulipa mzima, ingawa nyumba iliishi siku 22 tu za mwezi huo.

Barua yenu inanikumbusha kwamba kontra ni sheria kwa wale walioifanya. Ni kweli, na mtoto wa dada yangu anayesoma sheria hapa Goma alinionyesha maneno hayo yanakotoka: kifungu cha 33 cha amri ya tarehe 30 Julai 1888, ile tunayoita kitabu cha tatu cha sheria ya kiraia. Lakini kifungu hicho kinaendelea. Kinasema pia kwamba makubaliano lazima yatekelezwe kwa nia njema. Na ukifika kifungu cha 46, kinasema aliyezuiwa na nguvu kubwa isiyozuilika, ile Wafaransa wanaita "force majeure", hadaiwi fidia. Kama mlima unaowaka moto si nguvu isiyozuilika, basi sheria hiyo iliandikwa kwa ajili ya nini?

Tena angalieni upande wenu wa kontra. Ninyi mliahidi intaneti kwenye nyumba ile, kwenye anwani ile, na imeandikwa hivyo ukurasa wa kwanza. Mwezi wa sita, wa saba na wa nane hamkunipa hata mega moja, na siwalaumu, kwa maana antena yenu iko chini ya jiwe kama kitanda changu. Volkano iliwazuia ninyi kutoa, ikanizuia mimi kupokea. Kwa nini inahesabiwa upande mmoja tu?

Hayo ni ya pesa. Lililonifanya nikope karatasi na kalamu ni namba.

Namba yangu ninayo tangu 2012. Nilipoingia kontra mliitoa kwenye unite mkaiweka kwenye kontra, nami nikafurahi kwamba haibadiliki. Usiku ule wa tarehe 22, katika msongamano wa watu, pikipiki na magodoro, mtoto wangu wa pili, mwenye miaka 11, aliniponyoka mkononi. Nilimtafuta usiku kucha. Siku ya pili nilimtafuta Majengo, nikamtafuta mpaka karibu na mpaka wa Gisenyi, maana wengi walikuwa wamevukia huko. Siku ya tatu, mchana, simu ililia. Mama mmoja wa Sake, muuza viazi, alimkuta amekaa kando ya barabara, akamuuliza kama anajua namba ya mtu yeyote. Alijua moja. Nilikuwa nimemkaririsha tangu shule ya chekechea, kama tunavyowakaririsha sala. Siku chache baadaye, tarehe 27, gavana wa kijeshi alipoamuru kartie (mitaa) kumi za mji zihamishwe, dada yangu mkubwa naye alitupata kwa namba hiyo hiyo, kila mmoja akiwa kwenye foleni yake ya barabara ya Sake.

Tarehe 1 mwezi wa tisa mliikata. Haipokei, haipigi. Ndani yake kuna dola 63 za wateja wangu walionilipa kwa simu, siwezi kuzigusa. Wateja wa Buhene wametawanyika, wengine wako kwa ndugu, wengine kwenye hema, na njia yao pekee ya kuniuliza kama bado nachapa ni hiyo. Lakini nisiseme uongo, Bwana Mkurugenzi: ninachofikiria kwanza si wateja. Mlima haujaacha kuwa mlima. Watoto wangu wanalala wakijua kwa moyo namba moja, na namba hiyo leo haiiti.

Sasa nasema ninachoomba, na ninachotoa.

Simu mliyonipa ninayo, ilipona ndani ya kitenge. Katika dola 45 za kila mwezi, dola 40 zilikuwa za intaneti na dola 5 za simu. Nimelipa miezi saba, zimebaki 85. Hizo ni deni langu na sitazikimbia. Kwa sasa nafanya kazi kwa meza moja Katindo, kwenye baraza ya dada yangu, na mashine ya kukodi. Ninaweza kulipa dola 17 kila mwezi kwa miezi mitano, kuanzia mwisho wa mwezi huu. Zile 135, zile 315 na zile 120 naomba zifutwe, na nipewe karatasi inayosema zimefutwa, maana kila asubuhi napigiwa na watu wenu kwenye simu ya dada yangu, kila siku sauti nyingine, na kila sauti inaanza upya kuniuliza kwa nini nilihama.

Namba yangu naomba irudishwe kwenye unite, hata kesho, kabla ya hayo mengine kumalizika. Hilo haliwagharimu kitu.

Na kwenye ile mashine yenu, ongezeni sababu ya nne. Si mimi peke yangu. Jirani yangu wa kushoto alikuwa na kontra kama yangu, naye ameandikwa amehama.

Nimeambatanisha nakala ya kontra, barua ya shefu wa mtaa inayothibitisha kwamba nyumba imeisha, risiti saba za malipo, na picha mbili: moja ya duka siku mafundi walipofunga antena, nyingine ya mahali hapohapo mwezi wa sita. Nitangoja jibu lenu la maandishi kwa siku 15. Nisipolipata nitapeleka faili hii kwa ARPTC, ambayo kazi yake ni kusimamia kampuni za simu, na nitamwomba kijana wetu wa sheria anisindikize.

Ukitaka kupaona mahali penyewe kabla ya kuamua, nitakupeleka. Kutoka ajensi yenu si mbali.

Kwa heshima,

Mteja wenu, mama wa duka la fotokopi, zamani Buhene, sasa Katindo