Jumamosi na vijana: saa imebadilika

Habari zenu wapendwa. Jumamosi tunaanza saa 3 asubuhi, si saa 4. Ukumbi ni uleule. Mada ni kakakuona na tumbusi.

1. Wa kakakuona: magamba yake ni keratini, kama kucha zetu. Vijana waguse kucha zao kwanza (watacheka, waacheni). Biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku 2017, lakini bado anawindwa.
2. Wa tumbusi: msimwonee haya kwa sura yake! Anasafisha mizoga, na sumu inammaliza.
3. Picha kubwa na karatasi: nani analeta?

Hotuba ndefu hapana, maswali yao ndiyo somo. Tafadhali andika “nipo” kabla ya Alhamisi jioni. Ukipata udhuru, sema mapema. Asanteni sana.