Butterfly wa Makole

Makole, Dodoma

Shoga yangu,

Za siku? Huku upepo na vumbi kama kawaida, mtu unaoga mara mbili na bado unatafuna mchanga. Nilikuahidi habari za mchezo wetu. Jimiminie chai kwanza.

Tumechukua Madama Butterfly, opera ya Puccini, mtunzi wa Italia, yaani mchezo unaoimbwa: Butterfly, binti wa Nagasaki kule Japani, anaolewa na mwanamaji wa Marekani, anaachwa na mimba, anangoja miaka mitatu, halafu anajiua. Okestra hatuna. Tuna zeze mbili na mama mmoja wa Chamwino anayetufundisha kupiga ngoma ya muheme. Wewe mtoto wa Tanga hujui kubana ngoma kwa mapaja saa nzima ni nini. Natembea kama bata.

Kilichonishika ni kipande kidogo cha mwanzoni. Siku ya harusi, konsuli anamuuliza bibi harusi umri wake, naye anamwambia akisie. Kumi? Panda. Ishirini? Shuka. Kumi na mitano kamili, anasema, nimeshazeeka! Pameandikwa kama utani. Siku tuliyoisoma kwa sauti hakucheka mtu. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo iliweka 15 kwa msichana, wazazi wakiridhia. Mahakama ya Rufani ilipokuja kukubali mwaka 2019 kwamba hilo linakwenda kinyume na Katiba, yule tuliyekaa naye dawati moja darasa la saba alishakuwa na watoto watatu. Unamkumbuka, yule wa mwandiko mzuri.

Basi tukagombana kuhusu mwisho. Mmoja wetu alisema tukiugusa tunaharibu kazi ya watu. Nikamwambia, mbona mwenyewe aliigusa? Februari 1904 watu wa Milan waliizomea, Puccini akaiondoa jukwaani, akaifumua na kuishona upya, na Mei ikapokewa vizuri Brescia. Akaninunia mpaka jioni.

Kisu anachojiulia Butterfly ni cha baba yake, kimechorwa maneno: afe kwa heshima asiyeweza kuishi kwa heshima. Tukaona, maneno hata sisi tunayo. Butterfly wetu anajifunga kanga ya "Japo sipati tamaa sikati" tangu meli inapoondoka. Kwenye opera humfunga mtoto kitambaa machoni asione mama akifa. Kwetu anakiacha kisu kwenye mkeka, anaivua ile kanga, anambeba nayo mtoto mgongoni na kutoka akipita katikati ya watazamaji. Muheme unanyamaza, zinasikika ndala zake tu. (Mtoto ni wa jirani, juzi alilala kabla ya kubebwa. Ilipendeza zaidi.)

Nilidhani tumemaliza. Kumbe bibi mmoja muuza ubuyu alikuwa akichungulia dirishani siku zote hizo. Akauliza, "Sasa huyo anakwenda wapi, na mtoto, bila hata nauli?"

Tukatazamana. Aliyeninunia akasema kisu kilikuwa rahisi, na mimi safari hii sikumjibu. Tumemwomba bibi aje kuketi mbele Jumamosi na aliulize tena swali lake pale pale, kwa sauti.

Panda basi la Ijumaa, utalala kwangu. Na tafadhali pita dukani uniletee kanga ya jina lilelile. Ya kwetu imepauka, maandishi hayasomeki kutoka nyuma.

Ni mimi shoga yako,
mpiga muheme