Mashua zilizotumika zikaguliwe kabla ya kuvutwa kutoka kusini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalonitia wasiwasi kila demani, yaani majira ya upepo mpole wa kusini, inapoingia, pale baadhi ya wavuvi wenzangu wa Pangani na Tanga wanapokwenda Kilwa na Mafia kununua mashua za tanga zilizokwisha kutumika, kisha wakazifunga kamba nyuma ya boti ya injini na kuzivuta mpaka nyumbani.

Kununua chombo kilichotumika si kosa hata kidogo. Mbao za mvule na mninga ni ghali, na mashua nyingi mpya huundwa kwa mbao za mwembe ambazo huoza mapema, kwa hiyo mashua ya zamani yenye mkuku (uti wa chini wa chombo) mzima na mataruma (mbavu zake) imara yaweza kumfaa mvuvi kuliko mpya. Tatizo ni kwamba mnunuzi huonyeshwa chombo kikiwa kinaelea, akaangalia tanga, foromali (mti unaobeba tanga) na rangi, akalipa. Chombo hicho kilipaswa kupandishwa pwani wakati wa bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, ili maji yakipwa fundi apite chini yake kwa kisu na nyundo, adunge mbao zilizo karibu na mkuku, atazame kama misumari ya chuma imeshika kutu na kulegea, na atafute vitundu vya wadudu wa baharini, ambavyo kwa nje huonekana vidogo sana ilhali ndani ubao umekwisha kuliwa. Muuzaji anayekataa ukaguzi huo asinunuliwe chombo chake.

Ipo pia mashua iliyolala juu miezi mingi. Mbao zake hukauka na kusinyaa, na hata ikitiwa kalafati mpya (pamba ya kuziba nafasi kati ya mbao) lazima iachwe majini siku kadhaa, huku watu wakifua maji, yaani kuyatoa chomboni, mpaka mbao zivimbe na kubana. Kuivuta siku ileile iliyoshushwa ni kuhatarisha roho za watu.

Kutoka Kilwa Masoko hadi Pangani ni zaidi ya maili 200 za baharini. Wakati wa demani upepo wa kusini umepungua nguvu na mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini, kwa hiyo wenzangu wamechagua msimu mzuri. Wanachokosea ni mwendo. Mashua yenye urefu wa futi 25 kwenye usawa wa maji kikomo chake cha kawaida hakifiki maili 7 za baharini kwa saa, na ikiburutwa kupita hapo omo (sehemu ya mbele) huinuka, tezi (sehemu ya nyuma) huzama, mbao hutikisika na kalafati huanza kutoka. Boti yenye injini kubwa hupita mwendo huo kwa urahisi, na nahodha wake, aliyekodiwa na anayehesabu mafuta, hutaka kufika upesi. Maili 4 au 5 kwa saa zinatosha, na safari igawanywe kwa vituo, hasa kwa sababu ya mafungu ya mchanga na miamba yaliyo kati ya Mafia na delta ya Rufiji, ambako si busara kupita usiku na chombo kingine nyuma.

Kamba nayo iwe ndefu na yenye kunyumbuka, ifungwe kuzunguka shina la mlingoti badala ya kutundikwa kwenye ncha ya omo pekee, na panga liwe karibu na mtu wa boti inayovuta ili aikate mara moja chombo cha nyuma kikianza kuzama. Nimeona vijana wakiketi ndani ya mashua inayovutwa bila jaketi la kuokoa maisha na bila simu, kazi yao ikiwa kufua maji tu. Hilo halikubaliki.

Ombi langu ni kwa TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, na halmashauri za wilaya za pwani. Leseni ya uvuvi hutolewa na halmashauri, basi mauzo ya mashua yaandikwe kwa ofisa uvuvi wa mahali inaponunuliwa, na chombo kisiruhusiwe kuondoka kwa kuvutwa kabla mkaguzi hajaona sehemu yake ya chini, kamba, jaketi na idadi ya watu. Ada ya ukaguzi huo iwe ndogo, kwa kuwa ikiwa kubwa wavuvi wataondoka usiku bila kumwarifu mtu.

Wako mtiifu,
Mvuvi, Pangani, Tanga