YAH: Wakati wa kuuza ni historia, wakati wa kulalamika pia ni historia

Ndugu Meneja,

Salaam. Nilitaka nisubiri hasira zitulie ndo niandike lakini naona kila nikikumbuka zinapanda upya kwa hiyo naandika hivi hivi, mtanisamehe kama kuna mahali nitapitiliza.

Naandika kuhusu ile siku tuliyokuja kulala hotelini kwenu mimi na mama yangu mzazi. Mambo ni mengi ila yote yana mzizi mmoja, kila nilipouliza kitu, awe dada wa mapokezi, awe msaidizi wako, awe yule kaka wa ufundi aliyekuja na bisibisi mfukoni akaondoka bila hata kuitoa, jibu lilikuwa lile lile: "hili ni jengo la kihistoria." Sasa jamani, hiyo historia si ndo mliyonichaji bei ile? Nimelipia historia mara moja kwenye bili, mbona nailipia tena kwa kuteseka?

Tuanze na lifti maana hapo ndo paliponiuma. Ukifungua webusaiti yenu picha ya kwanza kabisa ni ile lifti ya vyuma yenye mlango wa kukunja, vifungo vya shaba vinang'aa, ndani kuna kibenchi cha velveti. Mama aliiona kwenye simu yangu akaipenda, akasema hii lazima nipande. Magoti yake hayamruhusu kupanda ngazi, kwa hiyo kabla sijabuku nilipiga simu nikauliza kabisa, nina mgonjwa wa magoti, lifti ipo? Nikajibiwa ipo, msiwe na wasiwasi. Na kweli ipo. Imezungushiwa kamba nyekundu, ina kibao kinaeleza iliwekwa mwaka gani, watu wanapiga nayo picha na kuondoka. Haipandi, haishuki. Ya maonyesho.

Nikauliza tunapandaje. Tukapitishwa mlango wa nyuma ya jikoni hadi lifti ya mizigo. Mama yangu, amevaa nguo aliyoshona kwa ajili ya siku hiyo, kasimama katikati ya toroli la mashuka machafu na kreti za vyombo vilivyotoka kuliwa, kuna maji ya sabuni chini, anajishikilia ukutani ule ukuta wenyewe una mafuta, akanigeukia akaniuliza taratibu, "Mwanangu, kwani tumekuja kuomba kazi hapa?" Nilicheka pale kwa sababu yeye alicheka ila moyoni nilikuwa nawaka. Na tulipita hivyo kila tuliposhuka na kila tulipopanda.

Nikaja kwa msaidizi wako, nikaambiwa ile lifti ni ya kihistoria hawawezi kuigusa. Sawa, msiiguse, hata mimi ningeumia kuona imebomolewa. Lakini lifti ya pili ya wageni mlishindwa kuiweka wapi? Hoteli zenyewe za hadhi yenu zilijipatia jina kwa kuwa mbele ya wenzao sio kwa kuwa nyuma. Savoy ya London ilipofunguliwa 1889 watu walienda kushangaa taa za umeme na lifti, ndo ilikuwa habari ya mjini. Ritz ya Paris 1898 mwanzilishi wake César Ritz aliweka bafu, umeme na simu vyumbani, wakati huo hata matajiri wengi majumbani kwao hawana. Yaani wale wazee mnaowaenzi kwa picha za ukutani walikuwa wanakimbizana na teknolojia mpya, nyie mmechukua kitu ambacho kwao kilikuwa kipya mmekigandisha halafu mnaita heshima.

Chumba sasa. Nilibuku chumba cha jengo kuu, upande wa mbele, ghorofa yenye zile roshani, imeandikwa hivyo kwenye uthibitisho mlionitumia na nimeuambatanisha. Tumefika tunaambiwa upande wa mbele unafanyiwa ukarabati, tumewapandisha daraja mmepelekwa jengo la nyuma. Kupandishwa daraja! Jengo la nyuma dirisha linatazama mafeni ya jikoni, ukifungua unapata moshi wa vitunguu, ukifunga unapata AC inayonguruma usiku kucha. Nikalalamika kuhusu AC, nikaambiwa nini? Jengo la kihistoria. Ndugu Meneja, jengo la nyuma limejengwa juzi, ngazi zake bado zina alama za stika za dukani, hiyo historia imeingilia wapi?

Na ukarabati mlijua tangu lini? Maana mashine za kutoboa ukuta hazijaamka tu asubuhi ile zikajikuta zipo hapo. Kelele zilianza mapema mama hata hajamaliza sala zake zikaendelea mpaka jioni. Kwenye mpini wa mlango mmening'iniza kadi nzuri yenye nembo, tunaomba radhi kwa usumbufu wakati tunaboresha huduma zetu. Kadi mliprint, ila kunitumia meseji kabla sijalipa mlishindwa. Savoy hiyo hiyo ilipotaka kukarabatiwa ilifunga milango Desemba 2007 ikafungua Oktoba 2010. Ritz ya Paris ilifunga 2012 mpaka 2016. Raffles ya Singapore nayo ilifunga kabisa ikarudi 2019. Sisemi lazima mfunge kama wao, najua biashara ina hesabu zake, ila kama mmeamua kuuza vyumba huku fundi anatoboa basi mwambieni mteja na bei ishuke, achague mwenyewe. Mnaficha halafu mnachaji bei ya chumba cha roshani, hapo tunaitaje?

Maji nitayaelezea kirefu kidogo kwa sababu hapo mlikutana na mtu wa fani, mimi kazi yangu ni mabomba. Nimefungua bomba la beseni asubuhi, yametoka maji rangi ya chai, nikayaacha yakimbie, baada ya muda yakasafika. Hiyo ni kutu, maji yamelala usiku kwenye bomba la chuma linalokula kutu kwa ndani, ukifungua yale yaliyolala yanatoka kwanza. Na kwa kuwa jengo la nyuma ni jipya, maana yake maji yanaletwa na bomba kuu kuukuu kutoka jengo la mbele. Kaka wa ufundi nilimwambia hivyo hivyo akakubali kwa kichwa, halafu akasema mkubwa, unajua hili jengo ni la kihistoria. Jamani! Mimi nimefanya kazi kwenye majengo ya kale yanayolindwa, wanaolinda wanalinda sura ya jengo, nakshi, ngazi, madirisha, sakafu. Bado sijakutana na mtu anayelinda kutu.

La kutu tuliache, linachefua ila mtu unaweza kuyaacha yakimbie. Kilichonitisha ni maji ya moto. Hayakuwa ya moto, yalikuwa vuguvugu, niliyaacha yamwagike mpaka nikaona aibu na bado vuguvugu. Watu wanadhani hilo ni suala la mgeni kudeka, hapana. Kuna bakteria wanaitwa Legionella, wanapenda maji ya uvuguvugu, kati ya nyuzi 20 na 45 hivi ndo wanazaliana, na mtu anawavuta kwa vile vitone vidogo vya maji ya shawa vinavyoelea hewani wanaingia kwenye mapafu, wazee ndo wanaumia zaidi. Ndo maana maji ya moto yanatunzwa kwenye tanki kwa nyuzi 60 na yanazungushwa na pampu ili yasipoe njiani. Sisemi kwenu wapo, sikupima, ila nilimkataza mama kuoga shawa, akaoga kwa maji ya birika la kuchemshia chai, kwenye hoteli yenye nyota zote zile mlangoni. Tafadhali hili hata kama mengine mtayatupa, hili mpeni mtu mwenye kipimajoto aanzie kwenye chumba cha mbali zaidi na tanki.

Mengine nayapitisha haraka. Chupa za maji zilizokuwa mezani na kikadi cha "karibu, zawadi kutoka kwetu" nimezikuta kwenye bili upande wa minibaa, yaani vile vinywaji vya kulipia vya chumbani. Halafu ile hela mliyoizuia kwenye kadi yangu siku ya kuingia, najua haijakatwa, imezuiwa tu, ila mpaka naandika hapa bado imezuiwa na benki wanasema wanasubiri hoteli iiachie. Mapokezi wakasema ni benki. Mmoja wenu afanye kazi yake, mtandao wa kuiachia mnao nyie.

Niseme na la haki. Yule mzee wa konsiaji, anayewasaidia wageni pale mapokezi, mwenye zile funguo mbili za dhahabu kwenye kola, alipomwona mama anatoka jikoni alisimama, akaja mwenyewe na kiti cha magurudumu, akaanza kumsimulia lile jengo, nguzo hii nani aliileta, kioo kile kiliponaje, mama akasahau hata magoti. Dakika zile ndo nilizolipia. Yeye hakutumia historia kama kisingizio hata mara moja, alikuwa anaitoa kama zawadi, na ile haikuingia kwenye bili. Kama kuna mtu wa kufundisha wenzake hapo kwenu ni yeye, na kama kuna nyongeza ya mshahara naomba barua hii iwe kwenye faili lake.

Sasa ninachotaka. Nirudishiwe tofauti ya bei kati ya chumba nilicholipia na hicho cha mafeni, pamoja na hela ya zile chupa. Iliyozuiwa iachiwe. Ile picha ya lifti kwenye webusaiti iandikwe chini yake kwamba haifanyi kazi, na anayepiga simu kuuliza kwa sababu ya mgonjwa aambiwe ukweli tangu mwanzo, kuna watu watakuja na wazazi wao wasio na ucheshi wa mama yangu. Na wote waliobuku upande wa mbele waambiwe leo kuhusu ukarabati.

Nimeambatanisha uthibitisho, bili na video ya lile bomba. Nijibiwe na mtu mwenye cheo na sahihi, sio ile meseji ya kompyuta ya "mgeni wetu mpendwa, maoni yako ni muhimu kwetu." Na hela irudi kwenye kadi ile ile, vocha ya kuja kulala tena bure sitaki, mama kashasema hapandi tena na mashuka.

Wenu,
Mgeni wa jengo la nyuma